Enspryng: sindano inayomzuia mjumbe mmoja tu wa kinga

Enspryng, yaani satralizumabu, iliidhinishwa Marekani mwezi Agosti 2020 kwa watu wazima wenye nyuromielaitisi optika, ugonjwa ambao kinga ya mwili hugeuka na kushambulia neva za macho na uti wa mgongo, na ambao shambulio moja tu laweza kumwacha mtu kipofu au asiyeweza kutembea.

Wengi wa wagonjwa hawa wana kingamwili, yaani protini ya kinga, inayolenga akwaporini-4, vijilango vya maji vilivyo kwenye seli za ubongo ziitwazo astrosaiti. Kinachouchochea moto huo ni interlukini-6, mmoja wa wajumbe wa kemikali ambao seli za kinga hutumiana: huzirefushia uhai seli zinazotengeneza kingamwili hiyo, tena huulegeza ukuta unaotenganisha damu na ubongo. Enspryng hukikalia kipokezi cha mjumbe huyo, ujumbe usifike. Ufundi ulionivutia zaidi ni wa kampuni ya Chugai ya Japani, iliyoiunda dawa hii ili ikishamezwa ndani ya seli iachane na kipokezi na kurudi kwenye damu kufanya kazi upya; ndiyo maana, baada ya dozi tatu za mwanzo zinazopishana wiki mbili, miligramu 120 chini ya ngozi kila wiki nne hutosha.

Matokeo yake yanategemea sana nani anayechomwa. Katika jaribio la SAkuraSky, lililohusisha wagonjwa 83 walioendelea na dawa zao za kawaida, wenye kingamwili waliopata shambulio jipya walikuwa asilimia 11, dhidi ya asilimia 43 ya waliochomwa sindano isiyo na dawa. Kwa wasio na kingamwili, tofauti ilikuwa 36 kwa 43, na hao walikuwa wachache mno. Kibali cha Marekani kinawahusu wenye kingamwili peke yao, na naona ni sawa. Maumivu na uchovu havikupungua kwa kiasi cha maana. Hilo kwangu ni pengo kubwa, kwani ndivyo anavyolala navyo mgonjwa kila usiku.

Kifua kikuu na homa ya ini B hupimwa kabla ya dozi ya kwanza. Lakini kuna jambo lisilosemwa vya kutosha: interlukini-6 ndiyo inayoliamuru ini kutoa protini ya CRP, kipimo ambacho madaktari wengi hukitegemea kutambua maambukizi, kwa hiyo mtumiaji anaweza kuwa na nimonia huku kipimo kikionekana safi. Amweleze kila daktari anayemtibu, hata aliyemwendea kwa kikohozi tu.