Seti ya simbi 20 za kujifunzia: magamba mazuri, lebo za kurekebisha

Magamba ya seti hii ni ya daraja la juu. Hayajapakwa vanishi, kingo hazijamegeka, na mng'aro ni ule ule alioupaka konokono mwenyewe. Simbi, konokono wa baharini, akiwa hai hulifunika gamba lake kwa joho, nyama laini inayopanda kutoka pande zote mbili na kuongeza tabaka juu ya tabaka. Igeuzegeuze Cypraea tigris, simbi mwenye madoa, kwenye mwanga: mgongoni, katikati ya madoa meusi, kuna mstari hafifu. Hapo ndipo kingo mbili za joho zilipokutana.

Kilichotufurahisha zaidi ni gamba la simbi ambaye hajakomaa, maana seti nyingi huliacha. Ni jembamba, mdomo wa nje una makali na hauna meno, na ncha iliyojisokota bado inaonekana. Liweke kando ya lililokomaa: mdomo umejikunja kwa ndani, mwanya umebaki mwembamba wenye meno pande zote mbili, ncha imezama chini ya tabaka. Akishafika hapo gamba halirefuki tena, linanenepa tu, kwa hiyo urefu peke yake hauonyeshi umri.

Lebo ndizo zinazoangusha. Zote zimeandikwa jenasi moja, yaani kundi moja la spishi za karibu: Cypraea, kama Linnaeus, mwanasayansi aliyeweka mfumo wa majina ya viumbe, alivyoandika mwaka 1758. Spishi tigris amebaki humo, lakini moneta na annulus sasa wamo katika jenasi Monetaria, arabica na mauritiana katika Mauritia. Hilo linarekebishika kwa kalamu.

Kosa la gamba namba 7 ni kubwa zaidi. Lebo inasema annulus kwa sababu gamba lina pete ya rangi ya chungwa mgongoni, ila moneta naye huweza kuwa na pete hafifu. Pitisha kidole pembeni: annulus ni laini na ana umbo la yai, moneta ana vinundu vinavyolifanya gamba liwe na pembe. Namba 7 ina vinundu. Namba 19 nayo si simbi wa kweli. Mikunjo yake inapanda kutoka tumboni hadi mgongoni, alama ya familia ya Triviidae. Kwa Cypraeidae, familia ya simbi wa kweli, walio wengi meno huishia chini na mgongo ni laini.

Sanduku ni la mbao, nalo ni tatizo. Mbao hutoa mvuke wa asidi unaokula chokaa ya gamba, hasa kwenye unyevu. Dalili ya kwanza ni mng'aro kufifia, kisha unga mweupe. Yahamishie magamba kwenye kasha la plastiki na karatasi isiyo na asidi, mbali na jua linalofifisha rangi. Unga ukishatokea, osha kwa maji safi, kausha kabisa kabla ya kufunika, na usiguse siki.