Dodoma hadi Dar: treni ya SGR au ndege?

Kila nikirudi Dodoma naulizwa swali hili, na anayeuliza huwa tayari ana jibu lake.

Tuanze na mfuko. Treni ya SGR, yaani reli ya kisasa, ilipoanza kufika Dodoma Julai 2024, daraja la kawaida lilikuwa shilingi 31,000. Nauli ya ndege hupanda na kushuka, na ukikata tiketi dakika za mwisho utaumia.

Kwa muda, ndege inaonekana imeshinda: angani ni kama saa moja tu. Lakini ongeza kuwahi uwanjani, ukaguzi, kusubiri begi, kisha foleni ya Barabara ya Nyerere. Treni ya haraka hutumia saa tatu na nusu hivi na kukushusha karibu na Kariakoo. Upande wa Dodoma mambo yanageuka: uwanja wa ndege uko mjini kabisa, stesheni ya SGR iko pembeni, bajaji inakungoja. Tena treni ni ya umeme, ukikatika, mnakaa.

Mimi nikirudi Dodoma hukaa dirishani. Kilosa kuna mahandaki, kisha kijani kinafifia, mibuyu inaanza, na bila kuhisi mlima, umepanda zaidi ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari. Na nikienda Dar, kasha la zabibu za nyumbani halinigombanishi na mtu wa mizani.

Ila ukiwa unaunganisha ndege ya nje usiku huohuo, panda ndege. Mwenye watoto watatu na mabegi, stesheni.