Meli ikitia nanga Unguja: Changuu au Jozani na mtoto wa miaka minne?

Changuu ni kisiwa kilicho karibu: nusu saa hivi kwa boti kutoka Mji Mkongwe. Huko kuna kobe wakubwa, uzao wa wale walioletwa kutoka Shelisheli mwaka 1919, na mtoto anaweza kuwalisha majani kwa mkono wake. Kobe hamkimbii mtu, na hilo kwa mtoto ni raha tosha. Kazi ni boti. Jua linawaka, bahari ikichafuka tumbo nalo linachafuka, na maji yakitoka huenda mkashukia majini, mtoto begani. Ulizia jaketi la kuokolea la saizi yake kabla hamjapanda. La mtu mzima litamvuka kichwani.

Jozani ni msitu, na huko ni mwendo wa gari, kama kilomita 35. Kuna kivuli, njia fupi, daraja la mbao juu ya mikoko, na kima punju wanaokaa karibu kabisa, ila hawaguswi wala hawalishwi. Mwambieni mtoto mapema, maana atataka.

Mimi ningechagua Jozani, hasa upepo ukivuma. Anayelala kwenye gari atafika mchangamfu.