Maiki nne za "mazungumzo ya kikundi" zilizomeza sauti za shangazi zangu

Ndugu wasomaji, naandika nikiwa bado na hasira, na mtanivumilia.

Ni seti ya maiki nne ndogo za kubana kwenye kola, zisizo na waya, pamoja na kipokezi kimoja kinachochomekwa kwenye kamera. Sifa nyingine mtazisoma kwenye boksi. Mimi nilivutwa na maneno yaliyoandikwa kwa herufi kubwa kuliko yote: kwamba zimetengenezwa kwa ajili ya mazungumzo ya kikundi.

Nilikuwa narekodi video ya shangazi zangu wanne wakisimulia utoto wao. Hawa hawajui kusubiriana. Mmoja akitaja jina la jirani wa zamani, wa pili keshamsahihisha, wa tatu anacheka, wa nne anamalizia sentensi ya yule wa kwanza. Utamu wote uko hapo. Nilimbania kila mmoja maiki yake, kama shubiri moja chini ya kidevu, nikawapima mmoja mmoja huku nimevaa hedifoni. Kila sauti ilitoka safi kabisa, hata pumzi unaisikia. Nikafurahi.

Walipochangamka tu, mambo yakaharibika. Shangazi mkubwa anasimulia, mdogo wake anaingilia, na sauti ya mkubwa inakatika katikati ya neno, inarudi mwishoni mwa sentensi, inakatika tena. Kicheko cha wote wanne kikatoka kama mtu mmoja anayekohoa. Nikasimamisha, nikazima kichujio cha kelele, tukaanza upya. Sauti ikawa afadhali kidogo. Baadaye maiki moja ikajizima, nilipoiwasha kichujio nacho kikawa kimejiwasha chenyewe, kwenye maiki zote! Nikamwomba shangazi mkubwa arudie kisa chake. Alirudia, lakini kwa ufupi, kwa sauti ya mtu anayetoa taarifa. Kile cha mwanzo hakipo tena, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo.

Nikawaandikia watengenezaji, nikaambatanisha kipande cha sauti ili wasikie wenyewe. Jibu likaja: "Ndugu mteja, waelekeze washiriki wako wazungumze mmoja baada ya mwingine." Nililisoma mara kadhaa. Nikaandika tena kwa adabu, nikaeleza kwamba hawa ni watu wazima wanaopiga soga, na kwamba kwenye boksi lao wameandika mazungumzo, hawakuandika hotuba. Mhudumu akajibu kwamba wateja wengi hulalamika kwa sababu hawasomi mwongozo. Mwongozo niliusoma wote. Hakuna mahali umesema kipokezi kinachanganya sauti nne kuwa mkondo mmoja, kisha kinaibakiza ile yenye nguvu na kuzibana nyingine.

Niwe mkweli kuhusu upande wao. Wazo la kumpa kila mtu maiki yake ni sahihi. Ukiweka maiki moja katikati ya meza, aliye mbali mara mbili zaidi atasikika kwa upungufu wa takriban desibeli 6, na mwangwi wa chumba utajaa mahali pa sauti yake. Tena maiki mbili zilizo jirani zikiwa wazi pamoja, sauti ya mtu mmoja huingia kwenye zote kwa kupishana kidogo sana, ikachanganyika na kutoka kana kwamba anazungumzia ndani ya mtungi. Ndiyo maana mafundi husema umbali kati ya maiki na maiki uwe walau mara tatu ya ule wa maiki na mdomo. Kwa hiyo kuipunguza maiki ya asiyezungumza kuna sababu. Na kwa mtu anayezungumza peke yake mbele ya kamera, seti hii ni nzuri sana. Ningeipa nyota nne bila kusita.

Lakini kupunguza ni kupunguza, si kukata! Na kwa nini kifaa kiamue badala yangu? Kingehifadhi kila sauti kwenye faili yake, ningekaa na kuhariri kwa utulivu: hapa nampandisha huyu, pale namshusha yule, kicheko nakiacha kama kilivyo. Zikishachanganywa kuwa mkondo mmoja hakuna programu iliyonirudishia neno lililokatwa. Nimejaribu kadhaa.

Sasa natumia kinasa sauti cha kuazima chenye matundu manne, maiki za waya, kila mtu na faili yake. Kinarekodi kwa biti 32 za desimali inayoelea, yaani namna ya kuhifadhi sauti inayobeba ya chini sana na ya juu sana kwa pamoja, kwa hiyo shangazi akipaza sauti ghafla haipasuki. Mwanzoni napiga kofi moja mbele ya kamera ili nilinganishe picha na sauti. Kwenye rekodi ndefu sauti na picha huanza kuachana kidogo, napiga jingine mwishoni na kurekebisha. Nyaya zinakera, mtu akitaka kunyanyuka ni lazima umfungue kwanza. Nimezipenda hivyo hivyo.

Kama bado unaitaka ile seti, muulize muuzaji jambo moja kabla hujatoa hela: je, kila maiki inahifadhi faili yake yenyewe? Akianza kukueleza habari za betri, ondoka.

Nilipanga kuipa nyota mbili, kwa kuwa sauti ya mtu mmoja ni safi kweli. Nimelisoma tena jibu la yule mhudumu. Naipa moja.