Uhuru Afrika ya Randy Weston, na kitabu kinachopaswa kusomwa pamoja nayo

Anayeanza kukusanya santuri za jazi hapa Lubumbashi huelekezwa karibu kila mara kwenye Kind of Blue ya Miles Davis, iliyorekodiwa mwaka 1959, na ushauri huo hauna ubaya wowote. Hata hivyo, kwa msikilizaji ambaye Kiswahili ndicho lugha ya nyumbani kwake, mimi ningetanguliza Uhuru Afrika ya mpiga piano Randy Weston, na ningemwomba aitafute pamoja na kitabu cha maisha ya mwanamuziki huyo, African Rhythms, kilichotolewa na Duke University Press mwaka 2010, kwa kuwa mambo mengi ambayo santuri inayagusia tu yamesimuliwa humo kwa kirefu.

Santuri ilirekodiwa New York mwezi wa Novemba 1960, katika mwaka ambao nchi 17 za Afrika zilijipatia uhuru, Kongo yetu ikiwa miongoni mwao. Weston, aliyezaliwa Brooklyn mwaka 1926, alitaka kuyapokea matukio hayo kwa kazi kubwa ya okestra yenye sehemu nne, na alimwomba mshairi Langston Hughes amwandikie maneno. Shairi la ufunguzi, ambalo linautaja mto Kongo tangu mwanzo, linasomwa kwa Kiswahili na Tuntemeke Sanga wa Tanganyika na kwa Kiingereza na mwimbaji Brock Peters. Katika kitabu Weston anaeleza kwamba filamu za Tarzan zilikuwa zimewazoesha Wamarekani kudhani kuwa Mwafrika hana lugha ya maana, naye alikusudia kuupinga uongo huo hadharani. Ndiyo sababu alikwenda kuwauliza Waafrika waliokuwa Umoja wa Mataifa, nao wakamshauri atumie Kiswahili. Sanga anasoma kama mtu anayetangaza jambo zito mbele ya umati, bila haraka, na mimi kila ninapomsikia huona fahari ambayo hakuna santuri nyingine ya jazi iliyowahi kunipa.

Sifa kubwa ya muziki wenyewe ninampa Melba Liston, mpiga tromboni aliyeupangilia. Alikuwa na kundi kubwa mno mikononi mwake: tarumbeta za Clark Terry na Freddie Hubbard, Yusef Lateef kwenye saksafoni, gitaa la Kenny Burrell, besi mbili za George Duvivier na Ron Carter, na safu ya wapiga ngoma waliotoka pande mbalimbali za dunia, wakiwemo Max Roach, Babatunde Olatunji wa Nijeria, pamoja na Candido na Armando Peraza wa Kuba. Kundi la namna hiyo lingeweza kugeuka kelele kwa urahisi, lakini Liston anawapa wapulizaji sauti nzito iliyoshikana, kisha anawaondoa kwa wakati wake ili ngoma zisikike. Sehemu ya tatu, Bantu, ndiyo ambayo wenzangu tunaokutana kusikiliza na kujadili santuri huirudia zaidi. Mzee mmoja wa Kamalondo, mtaa wa hapa Lubumbashi, ambaye masikio yake yalilelewa na gitaa la Jean-Bosco Mwenda, alitutaka tuache kuzungumza, akafuata mpigo wa ngoma ya chini kwa vidole juu ya meza hadi mwisho, kisha akasema kwamba watu hawa walikuwa wanakuja nyumbani.

Kwa wakazi wa mji huu tarehe ya kurekodiwa ina uzito wa pekee. Mwezi huo huo wa Novemba 1960 Louis Armstrong alifika hapa, wakati mji ukiitwa Élisabethville na Katanga ikiwa imejitenga chini ya Moïse Tshombe. Tarehe 17 Januari 1961 Patrice Lumumba aliuawa karibu na mji huu huu. Siwezi kulisikiliza shairi la Hughes, lenye matumaini makubwa namna ile, bila kukumbuka yaliyokuwa yakitendeka huku wakati linasomwa kule, na nadhani msikilizaji wa Lubumbashi anaielewa furaha ya santuri hii, na huzuni inayoizunguka, kuliko msikilizaji wa mahali pengine. Serikali ya ubaguzi ya Afrika Kusini nayo iliielewa vizuri, kwani iliipiga marufuku mwaka 1964.

Kasoro zipo. Kiswahili kinasikika mwanzoni tu, kisha Kiingereza kinachukua nafasi yote, jambo linalosikitisha katika kazi iliyodhamiria makubwa hivyo. African Lady, sehemu ya pili, inaimbwa na Martha Flowers na Peters kwa mtindo wa jukwaa la opera. Wimbo ni wa heshima kwa mwanamke wa Kiafrika na maneno yake ni mazuri, ila kwa aliyezoea rumba uimbaji huo unaweza kuonekana mkavu. Kucheza Blues inayofunga, ambayo Weston aliikusudia iwe sherehe ya siku ambayo Afrika nzima itakuwa huru, inairudisha raha mara moja.

Kitabu kilitokana na mazungumzo ambayo Willard Jenkins aliyaandika na kuyapanga, na kinasomeka kama mzee anavyosimulia: kinaruka miaka, kinarudi nyuma, kinakaa kwa muda mrefu Moroko, ambako Weston aliishi na kuendesha klabu yake ya muziki mjini Tangier. Kimeandikwa kwa Kiingereza, hivyo aliyesoma kwa Kifaransa kama wengi wetu atahitaji subira na kamusi, ingawa lugha yake ni ya mazungumzo na haichoshi.

Nakala za kwanza za Roulette, kampuni iliyoitoa santuri hii, ni ghali na ni adimu. CD inayoiunganisha na Highlife, santuri nyingine ya Weston ya mwaka 1963, inatosha kabisa, na inampa mnunuzi santuri mbili. Ninamsihi tu asiisikilize kwa spika ya simu, kwa sababu besi zote mbili zitapotea, na ngoma kubwa pamoja nazo. Asiyeweza kununua vyote kwa mara moja anunue muziki kwanza, na kitabu akitafute baada ya kuizoea Bantu.