Spesa za Hilux yangu: tundu la katikati ndilo lililoniponza mara ya kwanza

Naishi Chumbageni, Tanga, na biashara yangu ya viungo hunipandisha Amani mara mbili au tatu kwa mwezi kufuata iliki na karafuu. Anayeijua njia ya kutoka Muheza kupanda kule wakati wa masika hataniuliza kwa nini niliinua gari. Ni Hilux Vigo. Niliipandisha inchi mbili, nikavua matairi ya 265/65R17 nikavalisha 285/70R17 kwenye rimu zilezile za kiwandani. Kipenyo kiliongezeka milimita 54, na nusu yake ndiyo niliyoipata chini ya tumbo la gari. (Mjue pia kwamba spidomita ikisoma 100 sasa, gari linakwenda 107.)

Siku ya kwanza tu, nikikata usukani mpaka mwisho pale nyumbani, nikasikia mkwaruzo. Nikaingia uvunguni na tochi: juu ya mkono wa juu wa sospensheni palikuwa na mstari mweusi wa mpira, upana wa kidole. Tairi lilikuwa linalambwa na chuma.

Hesabu yake ni nyepesi. Tairi jipya (285) ni pana kuliko la zamani (265) kwa milimita 20, kwa hiyo 10 zimekwenda nje na 10 zimeingia ndani. Dawa yake ni spesa, yaani kipande kinachokaa kati ya habu (kile kitako cha kufungia gurudumu) na rimu, kikalisukuma gurudumu nje. Fundi wa kwanza akaniambia, "Kaka, tia sahani ya milimita kumi, yamekwisha." Alikuwa ananionea huruma ya pesa, maana sahani zile ni rahisi: ni bapa la alumini lenye matundu sita, unalipachika kwenye stadi (zile bolti za kufungia gurudumu) zilezile kisha rimu inafuata. Nikamwomba tujaribu kwanza kwa mkono. Stadi za Hilux ni za milimita 12, na kila mzunguko wa nati unakwenda milimita moja na nusu. Sahani ya milimita 10 inakula zaidi ya mizunguko sita. Kwangu ilibaki mitano ya kushika nati. Nati inatakiwa ishike angalau urefu ulio sawa na unene wa stadi yenyewe, yaani mizunguko minane hapa. Kwa mitano nisingethubutu kuteremka kona za Amani na mzigo nyuma. Tukazivua.

Kilichobaki ni spesa za kufungwa, zile zenye stadi zake. Unaikaza spesa kwenye habu kwa nati zake, halafu rimu unaikaza kwenye spesa. Nyembamba ya kuaminika kati ya hizo huwa milimita 25 hivi, ndiyo maana huwezi kupata zile 10 unazozihitaji peke yake.

Nikanunua jozi ya mbele kwa 180,000. Muuzaji alisema, "Nati sita, inaingia Hilux, inaingia Patrol, usiwe na wasiwasi." Ziliingia kweli. Lakini nilipotoka kuelekea Segera, kwenye lami nzuri kabisa, spidi ilipogusa 80 usukani ukaanza kutetemeka mikononi. Nikabalansisha matairi mara mbili, bure. Siku ya tatu nikavua gurudumu, nikamulika tochi pale spesa inapokutana na habu, na mwanga ukapita. Kulikuwa na uwazi.

Hapa ndipo ninapotaka msomaji mwenye Hilux asimame nami kidogo. Stadi sita zilizopangwa kwenye duara la kipenyo cha milimita 139.7 zipo kwenye magari mengi: Hilux, Prado, Patrol, L200. Ila kitovu cha habu, ile duara ya chuma inayochomoza katikati na kuingia kwenye tundu la rimu, kila gari lina chake. Cha Hilux ni milimita 106.1, cha Patrol Y61 ni 110, cha L200 ni 67.1. Spesa niliyouziwa ilikuwa na tundu la 110, kwa hiyo ilikuwa imebaki na karibu milimita mbili kila upande, inategemea nati peke yake kuiweka katikati. Kitovu kinapobana sawasawa, spesa inakaa katikati bila ubishi kabla hujagusa hata nati moja. Muuzaji alinirudishia nusu ya pesa, tukaachana.

Mara ya pili nilikwenda dukani na vania, kile kifaa cha kupimia vipenyo. Nilipima tundu la ndani, nikapima pia ukingo wa nje unaopokea rimu, maana huo nao lazima uwe 106.1, wengine huutengeneza ukingo mmoja wakasahau wa pili. Alumini yake imechongwa alama ya 6061-T6, yaani aloi iliyoimarishwa kwa joto. Nilichukua nne kwa 520,000, unene 25. Nyuma hapakuwa na mkwaruzo wowote, lakini kwenye matope ya Amani nataka magurudumu ya nyuma yapite kwenye njia iliyofunguliwa na ya mbele.

Kwenye gereji ya Ngamiani fundi aliisugua habu kwa brashi ya waya hadi ikang'aa, akaisukuma spesa kwa kiganja. Ikaingia kwa kubana kidogo, ikatulia. "Imekaa kama bangili," akasema. Stadi za zamani zilichomoza kidogo kupita uso wa spesa, ila rimu yangu ya aloi ina vishimo nyuma, vikazimeza. Mwenye rimu za chuma bapa aangalie hili mapema, kwa sababu rimu haitakaa, na itambidi achukue nene zaidi au akate stadi.

Nilikataa bunduki ya upepo. Tulikaza kwa spana ya kupimia hadi nyutani-mita 105, kwa mpangilio wa nyota, nati moja kisha ile inayoikabili. Nilipofika Muheza na kurudi, nikavua magurudumu yote manne kukaza tena, maana nati za spesa zimejificha nyuma ya rimu na huwezi kuzigusa bila kuvua. Mbili za mbele kushoto zilisogea robo mzunguko.

Mkwaruzo wa ndani umekwisha kabisa. Wa nje ndio ulioanza. Tairi sasa limetoka, linachora duara kubwa zaidi unapokata kona, likawa linagonga madigadi na pembe ya plastiki ya fenda. Nilikata plastiki, nikarudisha madigadi nyuma. Asiyekuwa tayari kukata asianze. Usukani nao unavuta zaidi gurudumu likiingia kwenye mtaro, na beringi zinabeba mzigo kwa mbali zaidi. Nikifika mwisho wa safari ndefu naweka kiganja karibu na habu kulinganisha joto la kushoto na kulia.

Kwa sisi tunaokaa na upepo wa bahari kuna jingine. Baada ya miezi minne spesa ya mbele kulia iligandana na habu, chumvi imefanya unga mweupe pale alumini inapokutana na chuma. Ilitoka kwa nyundo ya mbao, taratibu, dakika arobaini. Sasa napaka grisi nyembamba kwenye ukingo wa kitovu tu, kwenye nyuzi za stadi sipaki kitu, na kila nikizungusha matairi nazivua zote nne nizisafishe.