Darasa la tango San Telmo: nimejifunza kusubiri

Nimepitia madarasa matatu ya dansi ya tango hapa Buenos Aires. Hili la Jumanne jioni, San Telmo, ndilo pekee ninaloweza kumpeleka rafiki yangu.

Kule nilikoanzia tulikaririshwa zile hatua nane za mwanzo kama watoto wanaokariri jedwali. Basi kila ikifika ya tano, mguu wangu wa kushoto ulikuwa umeshavuka mbele ya wa kulia, niwe nimeongozwa au sikuongozwa. Mwalimu wa hapa aliligundua wimbo wa kwanza haujaisha. Alinikumbatia, akatembea ubavuni mwangu hatua mbili, kisha akatulia. Mimi nimeshavuka! “Nani amekuomba?” aliuliza kwa upole. Tukarudia. Safari hii nilingoja, nikahisi kifua chake kikigeuka kidogo mno kunielekea, na mguu ukavuka wenyewe. Nilikaribia kulia kwa furaha.

Waongozaji nao hawaachiwi. Wanaanza mikono ikiwa nyuma, wamsogeze mwenzao kwa kifua tu, halafu wanabadilishana nafasi ili nao wafuate. Kaka mmoja aliyekuwa akinisukuma mgongoni kwa kiganja aliacha kabisa baada ya yeye kusukumwa. Zoezi bora kuliko yote ni la kufumba macho: mwongozaji anataja mwenzake amesimamia mguu upi. Asipojua, hana haki ya kuomba hatua nyingine, maana mguu uliobeba uzito hauwezi kwenda popote. Mfuataji naye hatakiwi kulegea kama nguo kwenye kamba; anasimama kwenye mhimili wake na kuimaliza kila hatua kwa muda wake.

Muziki wa mazoezi ni okestra ya Carlos Di Sarli, yenye mapigo ya wazi yanayokupa nafasi ya kutua. Hilo nimelipenda sana.

Ukumbi ni mdogo kwa idadi ya watu, na anayekosa Kihispania atahangaika na maelezo. Ila ada inajumuisha milonga inayofuata, yaani dansi ya wote baada ya darasa, kwa hiyo usikimbilie nyumbani. Kaa unapoonekana, maana mwaliko ni wa macho, na ukishakubali mnacheza nyimbo zote nne za tanda, yaani fungu moja la nyimbo.

Viatu viwe na soli ya ngozi. Ya mpira hung'ang'ania sakafu unapogeuka kwenye ocho, ile hatua ya kuchora namba nane, na goti ndilo linaloumia.